Mama Ngoja na Hewa ya Mji wa Juu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Popote mlipo, jikoni, dukani, njiani, au kitandani na mguu umefungwa plasta, sogeeni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyetutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, usingizini, bila kumsumbua mtu. Kazi yake ilikuwa kupima mionzi hospitalini. Nasema tena polepole, maana najua wengi wenu hamjawahi kuisikia kazi hii. Alikuwa mwanafizikia wa hospitali. Alipima mionzi inayotibu saratani.

Pale hospitalini walimwita Mama Ngoja, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, alijifungia na mashine nyuma ya ule mlango mzito akaipima upya. Ukigonga, unasikia sauti moja tu kutoka ndani: "Ngoja!" Daktari akigonga, ngoja. Mkurugenzi akigonga, ngoja. Siku moja alikuja mgeni mkubwa wa serikali na msafara wake, akagonga kwa mkono wake mwenyewe. "Ngoja!" Jamani, mgeni akangoja, amesimama koridoni, anajipepea kwa kofia. Mlango ulipofunguliwa, Mama Ngoja akamtazama juu hadi chini akamwambia, "Karibu. Sasa ni salama. Dakika chache zilizopita ilikuwa bado."

Hakuwa mnyenyekevu, tusidanganyane kwa sababu ametangulia. Alikuwa na mdomo. Alikuwa na haraka ya maneno na subira ya kazi, na watu walioshindwa kutenganisha hayo mawili walimwona ana maringo.

Sasa hebu fikirini. Mgonjwa wa saratani anamjua daktari wake. Anamjua muuguzi. Anamjua hata fundi wa mionzi, yule anayemlaza kwenye kitanda cha mashine na kumwambia asitikisike. Lakini nani aliyeiambia mashine iwake kwa muda gani? Nani aliyehakikisha kwamba dawa hii isiyoonekana haikuzidi wala haikupungua? Mtu huyo, mgonjwa hamuoni. Amekuja kabla yake na atabaki baada yake.

Katika hospitali yetu mtu huyo alikuwa mwanamke, na alikuwa wa kwanza. Alisoma fizikia ng'ambo, darasa zima wanaume na yeye. Aliporudi akapewa ofisi iliyokuwa stoo ya viti vya magurudumu vilivyoharibika. Viti vingine havikuwahi kutolewa humo, basi wageni wake walivikalia. Ukienda kumsabahi unakalishwa kwenye kiti kisicho na gurudumu la kushoto, na unaambiwa uegemee kulia usije ukaanguka.

Nataka kuwasimulia wiki moja katika maisha yake. Mwenyewe alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake wiki hiyo siku ya kwanza kabisa ya masomo, kabla hajawaambia jambo lingine lolote. Binti yake, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa shule, amenieleza yaliyobaki.

Ilikuwa mwaka ule hospitali ilipopata mashine mpya ya mionzi na jengo jipya la kuiweka. Shangwe, vigelegele, utepe ukakatwa. Katika kuhama kutoka jengo la zamani, sanduku moja likaangushwa kwenye ngazi. Ndani yake mlikuwa na barometa, yaani chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa. Ikavunjika.

Mtu atauliza, hewa inahusu nini na saratani? Inahusu sana, na si jambo gumu. Chombo alichopimia mionzi kilikuwa na kichemba kidogo, ukubwa wa ncha ya kidole, na ndani yake ni hewa tupu. Mionzi ikipita katika hewa ile, mita inasoma. Hewa ikiwa nzito, mita inasoma zaidi. Hewa ikiwa nyepesi, mita inasoma pungufu, ingawa mionzi ni ileile. Kwa hiyo kabla ya kuamini mita, lazima ujue hewa ya chumba kile, siku ile, ikoje. Ndiyo kazi ya barometa. Na barometa ilikuwa imevunjika.

Mama Ngoja akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya. Akapiga simu uwanja wa ndege, kitengo cha hali ya hewa. Sauti ya upole ikampa namba. Akashukuru, akapiga hesabu zake, akaiambia mashine mpya iwake kwa muda gani. Matibabu yakaanza.

Namba ile, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa sahihi. Kosa halikuwa la uwanja wa ndege. Ila watu wa hali ya hewa, kwa sababu za kazi yao na marubani, hutoa kipimo kana kwamba mji uko usawa wa bahari. Na mji wetu uko juu sana, nyanda za baridi, hewa nyepesi. Yeye akaihesabu hewa yetu kama hewa ya pwani. Mita ilipomsomea pungufu, hakujua kwamba ni hewa. Akadhani mashine ni dhaifu. Akaiongezea muda.

Nasema tena ili tuwe pamoja. Mashine haikuwa dhaifu. Hewa ndiyo ilikuwa nyepesi. Na wale wagonjwa wa kwanza walikuwa wakipata mionzi mingi kuliko walivyoandikiwa. Ni kama umeambiwa umpe mgonjwa vijiko vitano vya dawa, wewe ukampa sita, kila siku, kwa mapenzi yako yote.

Alikuwa na wasiwasi, hilo lisemwe. Makaratasi ya kiwandani yalisema mashine ina nguvu zaidi ya aliyoipima yeye. Akamuuliza daktari bingwa, mkuu wa idara. Daktari akacheka: "Muuzaji gani asiyesifia chake?" Naye akacheka. Binti yake anasema kicheko hicho mama yake hakukisahau hadi uzeeni.

Na miongoni mwa wagonjwa wale alikuwamo mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuja kutoka bondeni, kwenye joto, na uvimbe shingoni. Akafikia kwa mwanawe. Tuseme ukweli, hakuwa amempokea mkwe huyu kwa moyo mweupe. Alitaka mwanawe aoe mtu wa kawaida, akaletewa mwanamke anayesoma mezani wakati wa kula. Majirani kule kwake walipomuuliza mkwe anafanya kazi gani, alijibu, "Ya umeme," akabadilisha mazungumzo.

Jioni moja, katikati ya wiki ile ya kwanza, mama mkwe alikuwa jikoni. Alishaambiwa apumzike, lakini nani angemkalisha? Alikuwa na sufuria ya maharage jikoni na alikuwa amekasirika nayo.

"Haya maharage yenu yana nini?" akauliza. "Nimeyabandika tangu mchana, bado mawe. Kwetu yangekuwa yameshaliwa na vyombo vimeoshwa."

Mama Ngoja alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka kazini. Akachukua mwiko, akakoroga, akajibu kama mwalimu aliyechoka. "Si maharage, Mama. Ni mji. Huku juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Kwenu bondeni hewa ni nzito, ndiyo maana..."

Akaacha kukoroga. Mwiko mkononi, mchuzi unadondoka sakafuni.

"Ndiyo maana nini?" mama mkwe akasema. "Mbona unaniacha njiani?"

Binti alikuwa mezani akifanya kazi za shule. Anasema, "Mama alikaa chini. Sakafuni kabisa, na gauni la kazini. Nikadhani amezimia. Halafu akasema, 'Nimepewa hewa ya wapi?' Akarudia. 'Mimi nimepewa hewa ya wapi?' Bibi akaniambia nilete maji, mama yako amechanganyikiwa."

Hakunywa maji. Alikwenda kwenye simu. Sauti ileile ya upole ikamjibu, "Ndiyo mama, hiyo ni ya usawa wa bahari. Ndiyo tunayowapa watu wote. Kwani wewe ulitaka ya hapa?"

Mumewe alimkuta amesimama na simu mkononi, imeshakatika. Akaelezwa. Mumewe alikuwa mtu mpole, fundi saa, mtu wa maneno machache. Akauliza neno moja tu: "Mama yangu ataumia?"

Mama Ngoja angeweza kusema hapana. Ndivyo tunavyosema sote, si kweli? Usijali, hakuna kitu. Yeye alisema, "Sijui bado." Na mume akakaa naye pale sakafuni, wakasikiliza bibi akiendelea kugombana na sufuria.

Asubuhi alifika hospitalini kabla ya mtu yeyote. Wa kwanza kumkuta alikuwa fundi mkuu wa mionzi, rafiki yake, mtu aliyemtetea tangu siku aliyoingia. Alipomweleza, fundi akafunga mlango.

"Sikiliza, dada yangu," akamwambia. "Wamepata siku chache tu. Rekebisha leo, tunaendelea. Nani atajua? Unajua kuna watu humu wanakusubiri ujikwae. Watasema, si tulisema?"

"Watasema," akajibu.

"Watakufukuza."

"Labda. Lakini yule mshonaji mwenye saratani ya koo, na yule dada mwenye ya titi, na mama mkwe wangu, miili yao ishapokea kitu ambacho daktari hajui. Daktari atawapimaje kama hajui?"

Fundi akamtazama, akavua koti lake, akasema, "Haya, twende wote." Na hakumwacha hata hatua moja siku ile. Nimezungumza na mzee huyo kwa simu. Anasema yeye aliogopa kuliko mwenye kosa.

Daktari bingwa aliwasikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele. Ilikuwa afadhali angepiga. Akauliza tu, "Una hakika?" Mama Ngoja akasema hana, mpaka apate barometa. Na mashine ikazimwa.

Barometa ya karibu ilikuwa shule ya sekondari, maabara ya fizikia. Mwalimu wa fizikia akakataa katakata kuiazimisha. Akasema chombo hicho hakitoki bila yeye. Basi likaja gari la hospitali na mwalimu ndani, barometa mapajani kama mtoto mchanga, akimkemea dereva kwa kila shimo la barabara. Wakajifungia na mashine. Wakapima. Mwalimu akasoma barometa, Mama Ngoja akaisoma, fundi akaisoma. Wote walipata namba ileile.

Alikuwa amekosea. Vijiko sita badala ya vitano.

Lakini sasa alijua ni kiasi gani. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo nami nilipopumua nilipokuwa nikisimuliwa. Maana matibabu ya mionzi si ya siku moja. Ni wiki na wiki, kidogo kidogo. Daktari bingwa alichukua kalamu, akaanza kupiga hesabu za mgonjwa mmoja mmoja, ameinamisha kichwa. Mama Ngoja amesimama mbele yake. Mwalimu wa fizikia naye amesimama, hakuna aliyekumbuka kumwambia aende nyumbani. Mwishowe daktari akavua miwani, akajifuta uso.

"Tutapunguza siku zilizobaki," akasema. "Zile za mwanzo zimezidi, hizi za mbele zitapungua. Mwili utavumilia. Tumewahi."

Tumewahi! Mama Ngoja alikaa kwenye kiti cha wagonjwa akalia, akalia kwa sauti, na mwalimu wa fizikia akampa leso iliyojaa chaki. Akainua uso, mweupe kwa chaki, na fundi mkuu akacheka hadi akashika ukuta. Ndivyo ilivyokuwa ofisi ile asubuhi ile, huyu analia, huyu anacheka, na daktari anauliza kama kuna chai.

Likabaki jambo moja. Daktari alisema, "Sasa tusiwatishe wagonjwa. Tukiwaambia, watakimbia." Mama Ngoja alikuwa na uso wa chaki bado. Akasema, "Wanaotaka kukimbia ni haki yao kujua wanakimbia nini." Daktari akafikiri kidogo. Akasema, "Basi waambie wewe. Nitasimama nyuma yako."

Wagonjwa walikuwa kwenye mabenchi ya koridoni, wamengoja tangu asubuhi. Akasimama mbele yao. Hakutumia maneno makubwa. Aliwaambia yeye ni nani, anapima nini, amekosea wapi, na itarekebishwaje. Wengine hawakuelewa. Mshonaji alielewa vizuri sana. Akachukua kofia yake, akaondoka bila kusema kwaheri.

Mama mkwe alikuwa mwisho wa benchi. "Kwa hiyo mimi umeniunguza?" akauliza, mbele ya watu.

"Hapana, Mama. Nilikuzidishia. Leo tunaanza kukupunguzia."

"Na aliyegundua nani?"

"Mimi, Mama. Jana, pale jikoni."

"Kwenye maharage yangu?"

"Kwenye maharage yako."

Mama mkwe akawageukia wenzake wa benchi. "Mmesikia?" akasema. Akanyanyuka, akajifunga khanga vizuri. "Haya, nipelekeni nikalale kwenye hilo lidude. Mabenchi yenu yanaumiza mgongo."

Watu wakacheka. Wakaingia mmoja mmoja. Na asubuhi iliyofuata, mlango wa jengo ulipofunguliwa, aliyekuwa wa kwanza kwenye benchi ni mshonaji na kofia yake. Alimwambia fundi mkuu kwamba amefikiri njia nzima, na hajawahi kukutana na mtu wa hospitali aliyesema nimekosea, kwa hiyo ameona abaki na huyu.

Zikafuata wiki za kusubiri. Kila asubuhi, chai ikiwa mezani, Mama Ngoja alimkagua mama mkwe ngozi ya shingo, kama imeungua, kama imechubuka. Mama mkwe akachoka. "Unanitazama kama unataka kunichinja," alimwambia. Ngozi ikawa nyekundu kidogo, kama ya wagonjwa wote. Ikapona. Uvimbe ukanywea. Akarudi kwao bondeni, na uvimbe haukurudi tena. Mshonaji alishona miaka mingi baadaye. Wote wa wiki ile waliumaliza mwaka.

Tangu hapo Mama Ngoja akaweka utaratibu. Mashine inapimwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, asimwonyeshe mwenzake namba mpaka wote wamemaliza. Zikikubaliana, wagonjwa waingie. Zikikataa, ngoja. Na kila mwanafunzi wake alifundishwa kuuliza swali moja akipewa kipimo cha hewa: hewa ya wapi? Miaka mingi baadaye mwanafunzi wake wa zamani, katika hospitali nyingine ya milimani, aliuliza swali hilo kabla mgonjwa wa kwanza hajalazwa. Walikuwa wameshapewa hewa ya baharini. Alimpigia simu Mama Ngoja kumwambia. Binti anasema mama yake alikuwa na umri mkubwa tayari, lakini alizunguka sebule akipiga makofi kama mtoto.

Je, hospitali ilimkumbuka? Mashine ile ilipotimiza miaka mingi ya kazi, yalifanyika maadhimisho. Wakatajwa madaktari, wafadhili, wakandarasi, hata aliyepanda maua. Yeye hakutajwa. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma.

Binti yake aliniambia hivi: "Usiseme redioni kwamba hakujali. Watu wanapenda kusema hivyo, eti mama zetu hawakujali. Alijali. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akavirusha ukutani. Akasema, 'Hata maua!'" Kisha binti akacheka, nami nikacheka.

Juzi nilikwenda bondeni. Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, mama mkwe yu hai. Ni bibi kizee, anasikia kwa sikio moja, na shingo yake ni nzima. Amemzika mkwe wake. Nilimuuliza kama aliwahi kumsamehe kosa lile. Akanishangaa.

"Nimsamehe nini?" akasema. "Hospitali nzima waliniambia bibi usihangaike, bibi usihangaike. Yule peke yake ndiye aliyehangaika. Nikaona, kumbe kuna mtu anayehangaika, basi mimi nipumzike. Tangu siku ile nililala usingizi mzuri."

Kwa mume wake fundi saa, kwa binti, kwa wajukuu, kwa mafundi na wanafunzi wake wote, kituo hiki kinawapa pole. Poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na sisi tuliobaki, hebu leo tukae kidogo tufikirie. Dawa uliyokunywa asubuhi, kuna mtu aliipima. Damu uliyowekewa mwaka ule, kuna mtu aliikagua mara mbili. Huenda ni mama fulani, amekaa kwenye kiti kibovu katika ofisi usiyoijua, naye hujawahi kumwambia asante. Ukipata nafasi, mtafute. Akiwa hai.

Nilipokuwa naaga, bibi yule alinishika mkono akaniuliza nitamtajaje redioni. Nikamwambia, nitasema wewe ni mama mkwe wa marehemu. Akakataa, akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Waambie mimi ni mgonjwa wake. Na nimepona."